Plakete hazichaguliwi dukani: maneno niliyosema kwa mashofere wa Bukavu

Jumapili ile niliongea na mashofere mvua iliwazuia wengi, wengine mulikuwa kazini, na tangu hapo simu haijanyamaza, yaya tutumie ile maneno ya freni, ya plakete (zile pedi za freni) na diski. Basi hii hapa yote, jinsi nilivyoisema, nimeacha tu pale nilikuwa nachora kwa ubao ju hata waliokuwa mbele walisema mchoro wangu unafanana na sambusa.

Jambo yenu wapapa, jambo wamama, jambo vijana wa volani, washika usukani. Aksanti kwa kunipa nafasi. Mimi si mtu wa kuongea, mimi ni mtu wa kulala chini ya gari, kwa hiyo nikipotea munivumilie.

Niulize kwanza. Nani hapa ameshuka ule mteremko wa Ngomo na gari imejaa? Munyooshe mikono. Mingi. Sasa mubakishe mikono juu wale ambao siku hiyo kabla ya kutoka walijua plakete zao zimebaki milimita ngapi. Aaah. Mikono imeshuka yote! Moja tu imebaki, na huyo namjua, ni mdogo wangu, anadanganya.

(Hapo walicheka. Tuendelee.)

Leo nataka kusema jambo moja na nitalizungushazungusha mpaka muchoke: plakete na diski hazichaguliwi dukani, zinachaguliwa chini ya gari. Ukifika dukani bila kujua nini iko chini ya gari yako, si wewe unachagua, ni muuzaji anachagua, na muuzaji anachagua ile amekaa nayo siku mingi.

Tuanze na moto, ju watu wanafikiri freni ni kazi ya kushika. Freni ni kazi ya moto. Gari iko na uzito, iko juu ya mlima, unataka ifike chini bila kukimbia, ile nguvu yote inaenda wapi? Haipotei. Inageuka moto ndani ya diski. Mupige hesabu na mimi: gari ya kilo 1,500 pamoja na watu na mizigo, ikishuka meta 500 za kimo, moto wake unatosha kuchemsha bidoni ya maji ya lita 20, ile ya njano tunabeba kila siku, kutoka baridi mpaka inatokota. Na hapa kwetu juu maji yanatokota mapema, kwa digri 95 hivi, kwa hiyo bado kuna moto unabaki. Bidoni nzima! Wamama wanajua makala gani inaingia kwa kuchemsha bidoni. Sasa ule moto, kama moteri haikusaidii kushikilia gari, unaingia karibu wote kwa vipande viwili vya chuma mbele na viwili nyuma. Na kwa magari yetu mingi nyuma ni tamburi, zile ngoma za freni, mbele njo inabeba sehemu kubwa.

Shofere mmoja, simtaji, alishuka Ngomo kuelekea Kamanyola na gari ya watu saba ikiwa na watu kumi na magunia juu. Automatiki, mkono umebaki kwa D kutoka juu mpaka chini, mguu kwa freni muda wote. Katikati akasikia harufu kama ya pine (tairi) inaungua. Kisha pedali ikawa ngumu lakini gari haishikwi. Kisha, hii njo mbaya zaidi, pedali ikazama mpaka kwa sakafu kama anakanyaga matope. Akaielekeza gari kwa ukuta wa mlima, ikasugua, ikasimama, Mungu ni mkubwa. Wakakaa pale dakika arobaini wanasali. Akajaribu pedali, imerudi! Ngumu, nzuri, kama hakuna kitu. Abiria wakasema ni uchawi, kuna mtu kwa gari hii ametumwa.

Hakuna aliyetumwa, jamani. Ni vitu viwili vilifuatana. Kwanza plakete zilipata moto kupita ule zilitengenezewa, zikaacha kushika. Pili mafuta ya freni yalichemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwa digri 205 au zaidi, lakini yanakunywa maji ya hewani polepole, na yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwa 140 tu. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama puto, mguu unazama. Ikipoa mvuke unarudi kuwa mafuta, pedali inarudi. Huyo mtu nilimuuliza mara ya mwisho alibadilisha mafuta ya freni lini, akaniambia "yanabadilishwa?" Kila miaka miwili, yaya. Kila miaka miwili. Na usiweke DOT 5 ndani ya hii gari, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi, namba kuwa kubwa haisemi ni bora.

Kwa hiyo hata ununue plakete za dhahabu, ukiziweka juu ya mafuta ya miaka kumi umefanya nini?

Sasa twende chini ya gari. Toa pine. Kabla ya kuangalia plakete, angalia diski. Kila diski, ukiisugua kwa brosi ya chuma kwenye kofia yake ama kwa ukingo, mara mingi utakuta wameandika MIN TH na namba. Ile ni unene wa mwisho. Chini ya hapo diski imekufa, hata kama inang'aa, hata kama fundi wako anasema iko sawa. Inang'aa ju umeisugua kila siku, si ju iko nzima! Diski nyembamba inabeba moto kidogo, inapata moto mbio, inapasuka, na pistoni ya etriye, ile chuma inayobana plakete, inatoka mbali kuliko ilivyopangiwa.

Mama mmoja mwenye taksi mbili alikuja kwangu na shofere wake, wanagombana. Shofere anasema diski zimeisha, mama anasema unataka kula pesa yangu, fundi mwengine amepima na piye-a-kulise, ile rula ya kuteleza ya kupimia unene, ni milimita 21.6, diski mpya ni 22, zimeisha wapi? Nikaangalia, MIN TH 20. Kweli, 21.6 ni nzuri. Lakini nikapitisha kidole. Munajua ukingo wa nje wa diski, pale plakete haifiki? Panabaki mdomo umesimama kama ukuta wa bakuli. Yule fundi alipima mdomo! Alipima mahali freni haijagusa hata siku moja.

Palmeri, kile kipimo cha unene cha kufunga kwa skrubu, inaingia ndani ya mdomo, mwenye nayo atumie hiyo. Mwenye hana, nitawapa akili ya masikini. Sisi hapa pesa yetu ni makaratasi tu, lakini nani kati yenu hana pesa ya chuma ya Rwanda imebaki kwa mfuko kisha kuvuka Ruzizi? Kamata mbili za aina moja. Zipime pamoja, andika. Kisha weka moja huku na moja huku ya diski, ndani, pale plakete inasugua, pima yote pamoja, toa ile ya kwanza. Tukafanya hivyo mbele ya mama, mara tatu, mahali patatu. 18.9. Mama akanyamaza. Kisha akamuambia shofere, "nisamehe mwanangu," na hiyo njo siku pekee katika maisha yangu ya garaje nimesikia bosi anamuomba shofere msamaha, ningekuwa na kamera ningepiga foto.

Je, unaweza kupeleka diski kwa turneri, fundi wa kukwangua chuma kwa mashine? Unaweza, kama baada ya kukwanguliwa itabaki juu ya MIN TH na nafasi ya kuvaa kidogo tena. Ikiwa 20.3 na mwisho ni 20, unamlipa turneri kwa kuzika maiti. Nunua mpya. Na nunua mbili. Kushoto na kuume pamoja, siku moja, aina moja, plakete vilevile. Ukibadilisha upande moja, gari itavuta, na barabara zetu zinavyokuwa, pembeni kuna nini? Kuna bonde.

Ingine: plakete mpya juu ya diski ya zamani yenye ingali nzima, inaruhusiwa. Plakete ya zamani juu ya diski mpya, hapana. Ile plakete imeshachukua sura ya mifereji ya diski iliyokufa, itagusa mpya kwa vilele tu, itaichoma mistari mistari.

Sasa plakete yenyewe. Pale dukani watakuonyesha boksi. Boksi haifungi gari! Boksi wanachapa popote, nimeona boksi nzuri ndani yake kitu kinamomonyoka kwa kucha. Toa plakete kwa boksi, igeuze, soma ukingo na mgongo. Mara mingi kuna mstari wa namba na herufi, na mwishoni herufi mbili: EE, FF, FE, GG. Wengi wanafikiri ni jina la kampuni. Ya kwanza inasema plakete inashika namna gani kwa joto la kawaida, ya pili inasema ikiwa moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Sasa muniambie, FE ni nini? Ni plakete inayokushika vizuri asubuhi pale Nyawera, na ukifika katikati ya mteremko inaanza kukuachilia. Mimi kwa gari ya kazi hapa Bukavu nataka FF kwenda juu. Herufi hazikuambii itadumu miezi mingapi, hazikuambii kama gundi iliyoshika nyama ya plakete, ile sehemu inayosugua, na chuma ni nzuri, na mwizi pia anajua kuchapa herufi, lakini plakete isiyo na maandishi yoyote mgongoni wala ukingoni mimi siiweki. Mtu ambaye hakutaka kuandika kitu chochote juu ya kazi yake, kwa nini?

Zingine utaona E ndani ya duara na namba, 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, pamoja na 90R. Hiyo ni sheria ya Ulaya, plakete ilipimwa na ushikaji wake hautofautiani na ile ya asili kupita asilimia 15. Ukiipata, vizuri. Ya Japani inaweza kukosa hiyo alama na ikawa nzuri kabisa.

Kijana moja ameuliza hapa nyuma, seramike ao metali? Swali nzuri, na watu wanapigana juu yake kama ni timu za mpira. Plakete ya organike, isiyo na chuma kingi, ni laini, hainung'uniki, haili diski, lakini moto unaishinda mbele. Seramike haichafui jante, iko kimya, ni nzuri kwa papa anayeenda kanisani na kurudi. Semi-metali iko na vipande vya chuma ndani, inalia kidogo asubuhi, inakula diski kidogo, lakini inabeba moto. Taksi, gari ya kwenda Uvira, gari yenye kubeba magunia: semi-metali, kwangu haina mjadala. Gari ya nyumbani inayozunguka Nguba na Muhumba: hata seramike, lakini siku ukienda Kamanyola ukumbuke uko na nini chini. Na zile diski zenye matundu matundu munaona kwa simu, muache. Carina ya 1995 inahitaji diski ya kawaida yenye chuma kizuri, si matundu, kwa magari kama yetu tundu ni mahali ufa unaanzia.

Carina, eh, nisisahau. Kaka moja hapa mjini, mdogo wake iko Bruxelles. Mdogo akamuuliza, gari gani? Carina, ya 1994. Mdogo akaingia dukani kule, akalipa vizuri, plakete za marke kubwa, zikaja na mtu wa ndege, furaha! Kufika kwa garaje haziingii. Kwa nini? Ju kule Ulaya Carina wanayojua ni Carina E, ile walitengenezea Uingereza, Burnaston, kuanzia 1992. Ya kwake ni ya Japani, volani kuume. Jina moja, mwaka moja, na chini si lazima iwe sawa. Gari ya Japani haina ile namba ya herufi 17 ya Ulaya, iko na namba yake ya aina ya gari kwa kibati ndani ya kapo (boneti), AT192 na namba zinafuata, NZE121 na namba zinafuata, hiyo njo unapiga foto na unatuma. Usitume jina la gari. Tuma foto ya kibati, na foto ya plakete ya zamani imelala karibu na rula, na ya diski: upana wake, matundu ya bulo (bolti) ni manne ao matano, iko na matundu ya hewa katikati ama ni chuma kizima.

Munajua mwisho wa ile stori? Fundi alikamata mele, mashine ya kusaga chuma, akakata masikio ya plakete mpaka zikaingia. Zikaingia kweli! Kisha wiki mbili kaka ananipigia, gari inalia ngo-ngo-ngo kila akikanyaga. Plakete inacheza ndani ya nyumba yake. Tukazitoa tukatupa, pesa ya Bruxelles yote chini.

Kabla ya kuweka mpya, linganisha plakete mbili za pine moja, ya ndani na ya nje. Zinapaswa kuisha pamoja kama ndugu wanaokula sahani moja. Ukikuta moja imebaki milimita 8 na ingine imefika kwa chuma, shida si plakete, axe za etriye, zile pini inatelezea, zimeshika kutu, ama pistoni hairudi. Ukiweka mpya bila kuzitoa axe, kuzisafisha na kuzipaka grisi ya freni, si ile grisi nyeusi ya ruluma (beringi) yenye inavimbisha mipira, utarudi kwangu kisha miezi miwili kunitukana kwamba piyesi ni feki. Nilishatukanwa hivyo. Na kusema kweli mara moja kosa lilikuwa langu, sikutoa axe ya kushoto ju ilikuwa usiku na mtu ana haraka. Nilimrudishia pesa yake.

Na ile vumbi muache kupuliza kwa mdomo, muache kompresa. Amianti, ile asbesto yenye vumbi la sumu, ilikatazwa Ufaransa 1997, Ulaya yote 2005, lakini plakete ya zamani iliyotoka kwingine hujui ina nini. Lowesha na maji, panguza, tupa kitambaa.

Kuweka. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, ioshe na maji moto na sabuni, ikauke. Sugua kutu kwa moyo wa pine, pale diski inakaa, ju punje ya kutu pale inafanya diski ikae kombo, na kwa gari ndogo kucheza kwa diski kusipite 0.05 mm, hiyo ni kama unywele. Watu wengi wanasema diski yangu imepinda, volani inatetemeka, kumbe ni kutu ilibaki nyuma. Bulo zifunge kwa msalaba, si kwa kuzunguka.

Kisha usikimbilie mlima! Plakete mpya na diski mpya hazijajuana. Enda kwa barabara ya Kavumu asubuhi mapema, pahali pa wazi, endesha mpaka 60, kanyaga kwa upole mpaka 15, usisimame kabisa, achilia, rudia mara nane ao kumi, kisha tembea tu bila kukanyaga mpaka zipoe. Ukisimama na moto ukabaki umekanyaga, plakete inaacha picha yake kwa diski, na ile picha njo itatetemesha volani. Siku za kwanza usibebe mizigo ya kushuka Ngomo. Na ukishuka, hata na freni mpya, tumia vitesi (gia) ya pili, ama L na 2 kwa automatiki, moteri ibebe sehemu ya ile bidoni.

Papa pale anauliza bei. Papa, sitataja bei, inabadilika kila dola ikikohoa. Nitakuambia tu nilivyofanya kwa gari yangu mwenyewe: diski za bei ya kati, plakete nzuri kuliko diski, mafuta mapya, na nikaacha kupaka rangi ile mwaka.

Nimeweka palmeri yangu na pesa mbili za Rwanda pale kwa meza karibu na mlango. Mwenye anataka tupime, alete gari moja moja, tunaanza na zile zenye zinaenda Uvira kesho. Lakini kwanza mwenye ile Noah ya kijivu aitoe mbele ya geti, hakuna gari inaweza kuingia.